Tuta la mtoto lina upana wa mikono yake miwili

SWALI: Mzee, salaam. Nafundisha darasa la topu, lile la mwisho kabla ya P1, yaani darasa la kwanza la msingi, katika nasari moja hapa Busia, upande wa Uganda. Nina watoto 46, wengi wana miaka 5. Mwaka jana mwalimu mkuu alinipa kiwanja nyuma ya jiko, hatua 20 kwa 10, nifundishe watoto kwa bustani ya mboga. Mwisho wa Machi tukapanda mahindi na nyanya. Likizo ya Mei mbuzi wakaingia, wakala mahindi yakiwa yamefika magotini. Nyanya zilipoanza kuzaa zikaoza na mvua. Wazazi nao wakasema wamelipa ada watoto wasome, si kulima. Mwaka huu nataka kujaribu tena. Nipande nini, na hasa nawafundisha nini pale bustanini? Na mbuzi niwafanyeje?

JIBU: Mwalimu, salaam kwako na kwa hao 46. Mbuzi tutawarudia mwishoni, maana hawakuwa kosa lako la kwanza. Kosa la kwanza ni zile hatua 20 kwa 10. Hilo ni shamba. Mtoto wa miaka 5 hawezi shamba, kwa hiyo aliyelima ni wewe na mpishi, pengine na askari wa geti, na watoto wakasimama kando wakiangalia migongo yenu. Hapo hata mzazi aliyelalamika ana hoja.

Mwaka huu punguza. Ita mtoto mmoja wa kimo cha katikati, achuchumae pale unapotaka tuta, anyooshe mkono mbele bila kuinuka wala kupiga magoti. Ncha ya vidole vyake inapofika, chora mstari. Utakuta ni kama sentimita 40. Zidisha mara mbili, kwa sababu mwenzake atachuchumaa upande wa pili: 80. Huo ndio upana wa tuta lako, na ukiuongeza, katikati patakuwa mahali pasipofikika na watoto wataanza kukanyaga miche. Urefu mita 2 na nusu zinatosha watoto 12 kuzunguka bega kwa bega. Kwa darasa lako, matuta manne, kila kundi na lake, na tuta la tano ambalo nitakuambia kazi yake baada ya muda. Kilichobaki cha kiwanja mrudishie mwalimu mkuu apande migomba.

Siku ya kutengeneza matuta, jembe zito lishikwe na mtu mzima. Watoto wavunje madongoa kwa mikono, waokote mawe na mizizi, wachukue udongo kwenye makopo. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kabisa. Ukizidisha, nusu watakuwa wanarushiana udongo, na hao wengine nusu watakuwa wanatazama nani ameanza.

Sasa cha kupanda. Hapa lazima uwe na kalenda ya shule mkono mmoja na mvua mkono wa pili. Muhula wetu wa kwanza huanza mapema Februari, ukaisha mapema Mei. Mvua za kwanza kwa upande wenu hushika Machi. Maana yake kuanzia mvua ishike mpaka likizo una wiki saba au nane tu. Mahindi yanataka miezi mitatu na zaidi, kwa hiyo ulipoyapanda mwisho wa Machi ulikuwa tayari umeyapangia likizo yasipokuwa na mwenyewe. Nyanya ni shida nyingine: mvua ikiwa nyingi, ule ukungu wa mabaka meusi huvamia majani na matunda, na wakulima wenye uzoefu hupambana nao kwa dawa. Dawa ya kupulizia hatuileti karibu na mtoto wa miaka 5. Nyanya ziache.

Mimi kwa muhula wa kwanza ningepanda dodo, yaani mchicha, na kunde za kuchuma majani, na kipande kidogo cha sukuma wiki kwa miche uliyoiotesha mapema kwenye kopo. Dodo huota ndani ya siku nne au tano kukiwa na joto na maji, na wiki ya nne mnang'oa. Kunde huchomoza kama siku hizo hizo, majani yake mnaanza kuchuma wiki ya nne au ya tano. Ukitaka nakati, ile mboga ya majani, sawa, ila ina taratibu zake, inataka kama mwezi na nusu au zaidi, na ikiota hukaa kidogo kama inayofikiria. Karoti usijaribu mwanzo. Inaweza kumaliza wiki mbili au tatu chini ya udongo kabla haijaonyesha kichwa, na kwa mtoto wa topu wiki tatu ni kama mwaka; atasahau kwamba kuna kitu kilipandwa, au atakwenda kufukua.

Hapo kwenye kufukua ndipo tuta la tano linapoingia.

Nilipoanza ualimu nilikuwa na kijana mmoja, mdogo kuliko wenzake, ambaye kila asubuhi alikwenda kufukua maharage yake. Tulipanda Jumatatu, Jumanne kafukua, Jumatano kafukua. Alhamisi nikamgombeza mbele ya darasa zima, kwamba anaua mmea. Alinyamaza tu. Ijumaa nikamkuta tena pale amechuchumaa, haragwe liko kiganjani, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mwalimu, imetoa mkia. Mkia unatafuta chini." Nikachuchumaa na mimi. Kweli, mzizi ulikuwa umetoka urefu wa ukucha, na kwa kuwa kila siku alikuwa akiirudisha mbegu vyovyote, ulikuwa umepinda kama ndoano, kila ulipogeuzwa juu umejigeuza kuelekea chini. Mimi nilikuwa nimejifunza jambo hilo chuoni kwa kulikariri. Yeye aliliona kwa macho, siku tano, na zawadi yake ilikuwa kugombezwa na mimi.

Tangu hapo kila bustani ninayosaidia kuanzisha ina tuta la kufukua. Panda maharage na mahindi humo, mengi, na sheria ni moja: hapa ruhusa kufukua, unatazama, unachora, unarudisha. Pale kwingine hakufukuliwi. Utashangaa jinsi watoto wanavyoiheshimu sheria hii, kwa sababu hamu yao imepewa mahali pake. Waoneshe jinsi haragwe linavyotoka: shingo imepinda, inasukuma udongo kwa mgongo, halafu inanyooka na kuvuta zile nusu mbili za mbegu juu kama mtu anayejitwisha mzigo. Mahindi hayafanyi hivyo. Yenyewe hutoboa na jani lililoviringishwa, limechongoka kama mkuki, na mbegu hubaki chini. Usiwaambie hayo. Uliza, "Haya mawili yametoka sawa?" kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko kulima, nakuhakikishia.

Umeuliza unawafundisha nini hasa. Ngoja nikupitishe kwenye asubuhi moja tu, ya kupanda dodo.

Toka na kundi moja, watoto 11 au 12. Wengine wakae chini ya mti na daftari zao na msaidizi. Kama huna msaidizi, wasogeze karibu uwaone. Kila kundi lina siku yake, Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa wote wanatembelea. Ukitoka na 46 kwa pamoja, hiyo si bustani tena, ni soko la Busia siku ya mnada.

Mpe kila mtoto chembe chache za dodo kiganjani. Mbegu ni nyeusi, inang'aa, ndogo kuliko kichwa cha pini. Waulize: itakuwa kubwa kiasi gani? Wengine wataonyesha kidole, mmoja ataonyesha paa la shule. Majibu yote pokea, usisahihishe. Baada ya mwezi mmea wenyewe utasahihisha. Kisha chukua kijiko kimoja cha mbegu, changanya na kikombe cha mchanga mkavu, maana mtoto akimwaga mbegu tupu zote zitaangukia mahali pamoja. Wachore mstari kwa kidole, kina kisizidi ukucha. Halafu wanyunyize kwa vidole vitatu, kama mama anavyotia chumvi kwenye mchuzi. Hicho kitendo cha vidole vitatu, mwalimu, ndicho kile kile anachokihitaji kushika penseli. Mzazi akikuuliza kulima kunahusiana vipi na kuandika, mshikie vidole hivyo vitatu umwonyeshe.

Kumwagilia: chukua chupa za maji za nusu lita, toboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, matundu sita au saba. Chupa moja kwa watoto wawili, mmoja anamwaga, mwenzake anahesabu mpaka kumi, wanabadilishana. Watoto hupenda maji kupita kiasi, watakuzamishia mbegu. Mimi huwapa pembe moja ya tuta waizamishe wapendavyo, baada ya wiki tunalinganisha na kwingine. Maswali yanakuja yenyewe.

Kwa hesabu, sentimita waachie wakubwa. Chomeka kijiti kando ya mche mmoja wa sukuma, na kila Ijumaa funga uzi pale jani la juu linapofika, kila wiki uzi wa rangi nyingine. Ikipita mwezi, kijiti kina nyuzi nne, na mtoto anaona kwa macho kwamba nafasi kati ya uzi mwekundu na wa kijani ni kubwa kuliko ile ya mwanzo. Muulize wiki ile ilikuwaje. Kuna atakayekumbuka kwamba ndiyo wiki mvua ilinyesha mpaka mkarudishwa nyumbani mapema. Hapo umefundisha kipimo, wakati na hali ya hewa bila kushika chaki. Na huibii muda wa mtaala: mtaala wa mada ulioanza kutumika P1 mwaka 2007 una hali ya hewa, chakula na lishe, mazingira yetu. Watoto wako wa topu wanaelekea huko huko mwakani.

Lugha nayo. Busia ni bahati yako. Katika hao 46 una watoto wa Kisamia, wa Kiteso, wa Kiganda, na wale ambao mama zao huvuka mpaka kila asubuhi na Kiswahili chao ni cha sokoni. Shika jani moja la kunde, uliza, "Nyumbani mnaitaje?" Mganda atasema gobe, aliyetoka kaskazini atasema boo, mwingine atasema kunde, na kuna atakayesema "mboga" tu, basi. Andika yote ubaoni, chora jani kando. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na tangu hapo walimu wengi wananiuliza waanzie wapi na watoto wadogo. Anzia kwenye tuta. Vitenzi vyote viko pale: chimba, panda, mwagilia, ng'oa, subiri. Na wakati wa kukisema kitenzi, mtoto anakifanya.

Wazazi. Hapa nitakaa kidogo, maana manung'uniko yao hayakuanza kwako. Wengi wao katika maisha ya shule jembe walilijua kama adhabu. Umechelewa, kalime. Umeongea lugha ya nyumbani, kalime. Edward Mukiibi, Mganda aliyechaguliwa mwaka 2022 kuwa rais wa Slow Food, harakati ya kimataifa ya chakula, ameeleza kwamba hata yeye shuleni alikuta kilimo kikitumika kuwaadhibu watoto, na ndiyo sababu mojawapo iliyomfanya mwaka 2006 ashirikiane na wenzake kuanzisha mradi wa bustani za shule kule Mukono. Kwa hiyo mzazi akisikia mtoto wake analima, hasikii somo, anasikia kiboko. Usimcheke. Wewe weka sheria yako na uiseme mbele ya mkutano wa wazazi: hakuna mtoto atakayepelekwa bustanini kwa kosa. Ikibidi kumwadhibu mtoto, mnyime bustani siku hiyo, uone kama hatalia.

La pili, mavuno. Niliwahi kusaidia shule moja, jina nalihifadhi, sukuma ikastawi ajabu. Siku ya kuvuna fungu zuri likaenda nyumbani kwa mkubwa wa shule, na mengine yakagawanywa ofisini. Watoto walisimama pale na chupa zao za maji. Muhula uliofuata hakuna aliyetaka kumwagilia, na wazazi walijua kabla sisi hatujajua. Kilicholimwa na mtoto kiingie kinywani mwa mtoto, hata kama ni kijiko kimoja. Na kitakuwa kijiko kimoja kweli, usijidanganye: matuta manne hayalishi shule. Omba mpishi apike dodo lenu pamoja na mchuzi wa karanga, siku hiyo kila mtoto apate kidogo juu ya posho yake, yaani ugali. Asiyetaka asilazimishwe. Mara nyingi yule anayekataa mboga nyumbani hula ile aliyoing'oa mwenyewe, ila si wote, na hilo nalo ni sawa.

Wazazi waite siku ya michoro, si siku ya mavuno. Tundika daftari kwenye kamba: mbegu siku ya kwanza, mkia siku ya tatu, majani mawili, majani manne. Kama kuna msomi kati yao anayebisha, mwambie neno lenyewe la shule za chekechea huko Ujerumani maana yake ni bustani ya watoto. Friedrich Froebel alifungua yake mwaka 1837, na kila mtoto alipewa kitalu chake kidogo kando ya kitalu cha wote. Sisi tulichukua madawati, bustani tukaiacha huko.

Usalama nitausema haraka, lakini usiuruke. Kagua ua kwanza: mbarika na mmea wowote wa porini usioujua ng'oa, na mbegu za mbarika ni sumu kali hata chache. Mnavu usipande na wadogo, kwa sababu matunda yake mabichi yana sumu na yanafanana na shanga, watayaweka mdomoni. Mbolea ya mbuzi iwe imeoza miezi kadhaa. Ile mbichi huunguza miche na huleta vijidudu vya tumbo. Wadudu waokotwe kwa mkono, au nyunyiza majivu ya jiko, kidogo. Maji ya kusuuzia mboga yanafaa kumwagilia, yenye sabuni hapana. Jerikeni la maji lifunikwe, msije mkafuga mbu. Na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya uji, hata aseme hakushika kitu.

Likizo ikikaribia, matuta mawili yaache wazi yamefunikwa nyasi. Kwenye mengine mawili panda marando ya viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa. Aina za Kabode na Vita zilitolewa hapa Uganda mwaka 2007, na mmoja wa watafiti waliozifanyia kazi, Robert Mwanga wa kwetu, alikuwa kati ya wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Rangi ile ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini. Sababu yangu kubwa lakini ni ya kivivu: viazi vikishika udongo, vinavumilia wiki tatu bila mwangalizi. Vitakuwa tayari kama miezi minne au mitano baadaye, na watoto watakuwa wamevisahau kabisa. Kufukua siku hiyo kunaruhusiwa tuta zima.

Sasa mbuzi. Matuta manne unaweza kuyazungushia; hatua 20 kwa 10 usingeweza, na ndiyo maana waliingia. Tumia matete au fito zilizosukwa karibu karibu, kimo cha kifua cha mtu mzima, na chini ziba vizuri, maana kuku wana hatari kuliko mbuzi kwa miche ya dodo. Geti liwe na kitanzi cha kamba ambacho mtoto wa miaka 5 anaweza kukifungua na kukifunga mwenyewe. Chagua mtoto mmoja kila wiki awe mwenye kitanzi. Na mwenye mbuzi mwalike siku ya michoro, kwa kuwa nina hakika mtoto wake au mjukuu wake yumo humo darasani mwako.